Kisumu katika Jumuiya Mbili

Wengi husimulia kuwa jina la Kisumu limetokana na neno la Dholuo, kisuma, yaani mahali pa kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Aliyeishiwa nafaka alifika ufukweni mwa Ghuba ya Winam na alichonacho, akarudi kwao na cha kupika. Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wanandi walikutana hapo kabla mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania haijachorwa.

Desemba 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali Waingereza walipopaita Port Florence. Iliitwa Reli ya Uganda, na wakati huo hata Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda. Mkoa uliokuwa na Kisumu ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Reli iliishia majini, kwa hiyo ilihitaji meli. Meli ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa upya Kisumu, kisha zikafuata Winifred na Sybil zilizokuwa kubwa zaidi. Pamba ya Uganda ilishushwa kwenye gati la Kisumu na kupakiwa kwenye mabehewa ya kwenda Mombasa. Mji ukakua kwa kazi ya kupakia na kupakua.

Sheria zilifuata njia hiyo ya mizigo. Mwaka 1917 Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao, na kufikia 1927 Tanganyika nayo ilikuwa imeingia kikamilifu. Hapo katikati, mwaka 1919, iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoleta fedha moja. Mwaka 1948 reli na bandari za nchi tatu ziliwekwa chini ya shirika moja. Serikali ya kikoloni ilitafuta wepesi wa utawala na faida ya biashara yake, wala haikuwaza kuwatoa wenyeji katika umaskini. Isitoshe, muungano huo ulikuwa tayari umeionyesha Kisumu upande wake mchungu: mwaka 1931 reli kuu kupitia Tororo ilifika Kampala, na mizigo ya Uganda haikuhitaji tena kuvuka ziwa. Mji uliokuwa mwisho wa safari ukabaki kwenye tawi la pembeni.

Uhuru ulipokaribia, muungano ulipewa sababu mpya. Nchi maskini yenye wanunuzi wachache haiwezi kulisha kiwanda cha nguo, chuma au matairi. Nchi tatu zikiunganisha wanunuzi wao, kiwanda kinapata pa kuuza. Hoja hiyo haikuwa ya Afrika Mashariki peke yake: Mkataba wa Montevideo wa 1960 uliunganisha nchi za Amerika ya Kilatini kwa msingi huohuo. Shida ni kwamba soko huria halimwambii mwenye mtaji ajenge wapi. Hujenga palipo na barabara, benki, umeme na mafundi, na Afrika Mashariki hapo palikuwa Nairobi. Uganda na Tanganyika zilijiona zikinunua bidhaa za Kenya kwa bei iliyopandishwa na ushuru wa pamoja, huku ajira zikibaki kwa jirani.

Dawa kadhaa zilijaribiwa. Kwa ushauri wa Tume ya Raisman, kuanzia 1961 sehemu ya kodi iliingizwa kwenye mfuko wa pamoja ili igawanywe kwa namna iliyozipendelea Uganda na Tanganyika. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yalilenga kuzigawia nchi viwanda, lakini hayakutekelezwa kikamilifu. Ndipo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Uliruhusu nchi iliyozidiwa katika biashara ya bidhaa za viwandani kutoza kodi maalumu dhidi ya bidhaa za mwenzake ili kulinda viwanda vyake vichanga. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilipangiwa kuwekeza asilimia 38.75 Uganda, kiasi hichohicho Tanzania, na asilimia 22.5 tu Kenya. Makao makuu nayo yaligawanywa: Jumuiya Arusha, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala.

Hesabu hizo zote ziliichukulia Kenya kama kitu kimoja, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro iliyoigusa Kisumu. Faida ya viwanda ilikuwa ya Nairobi na maeneo yaliyoizunguka. Riziki ambayo Kisumu ilipata kutoka kwa Jumuiya ilikuwa melini. MV Victoria, iliyounganishwa katika gudi la Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ilibeba abiria kuzunguka ziwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ziliongezwa MV Umoja na MV Uhuru, vivuko vilivyobeba mabehewa ya treni yenyewe: mzigo wa Mwanza ulisukumwa ndani ya meli juu ya reli na kutoka ng'ambo bila kupakuliwa. Mafundi, manahodha na makarani waliajiriwa na shirika la nchi tatu. Robert Ouko, mzaliwa wa Nyahera karibu na Kisumu, alikuwa miongoni mwa mawaziri wa Jumuiya hiyo.

Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kukaa naye meza moja, na mamlaka ya marais watatu iliyoisimamia Jumuiya haikukutana tena. Mapema 1976 Amin alidai sehemu za magharibi ya Kenya zilizowahi kuwa chini ya Uganda, akiufufua mpaka wa kabla ya 1902. Mashirika yalidaiana fedha na kuzuiliana mali. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ikafa.

Meli ziligawanywa kama mali ya marehemu: Victoria na Umoja zikaenda Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na mwaka uliofuata, kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, mali yote ilihesabiwa na kugawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Mgawo huo haungeweza kuirudishia Kisumu safari zake. Bandari ya ziwa yenye upande mmoja tu haina kazi, na malori yalishika mizigo iliyobaki. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilifunika ghuba na kuzidisha unyonge wa bandari.

Jumuiya ya pili ilizaliwa kwa mkataba wa Arusha wa 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ulianza 2005 na soko la pamoja 2010. Nchi wanachama sasa ni nane, kuanzia Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kisumu ikapewa makao ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za ukanda huu zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupata cheti chepesi cha asili ya bidhaa mpakani, jambo linalomfaa muuza dagaa kuliko mikataba mingi mikubwa. Lakini tofauti na ile ya 1967, Jumuiya hii haina reli yake wala meli zake. Kila nchi hufufua bandari zake kwa ratiba na mfuko wake. Ziwa lenyewe bado hugombewa, kama wanavyojua wavuvi wa Migingo, kisiwa kinachodaiwa na Kenya na Uganda.

Mwishoni mwa 2019 MV Uhuru, baada ya kulala kwa miaka mingi, ilivuka tena kwenda Port Bell, Uganda, ikiwa na mafuta ndani ya mabehewa. Gati la mafuta limejengwa Kisumu, na MV Uhuru II imeundwa katika mji huohuo ambako William Mackinnon iliunganishwa.