Pete Ndogo Izuiayo Mafuta

Ukipita Migwani, katika njia iendayo Mwingi kutoka Kitui, utaona pikipiki zimepangwa kivulini zikingoja abiria. Tazama chini ya iliyo kuukuu. Ukiona doa jeusi mchangani, huenda mafuta ya giaboksi yanavuja, kwa kuwa pete moja ndogo, ambayo mafundi huiita oili sili, imechoka. Pete hiyo ina historia, nayo yafaa uijue.

Hapo kale watengenezaji wa mitambo walizuia mafuta kwa sufu iliyoshindiliwa au kwa ngozi. Vitu hivyo vilifaa maadamu shafti ilizunguka polepole. Kasi ilipozidi, viliungua na kulika. Katika miaka ya 1930, viwanda vya Ujerumani vilianza kutengeneza sili yenye ulimi wa mpira usiodhuriwa na mafuta, uliokazwa kwa springi nyembamba. Asili ya sili tuitumiayo leo ndiyo hiyo.

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, matarishi wa jeshi la Uingereza walipanda pikipiki za BSA M20, ambazo zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa Super Cub, pikipiki nyepesi ya watu wa kawaida. Nchini Kenya, mwaka 2008, pikipiki ndogo ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, na vijana wengi wakajipatia riziki kwazo.

Labda wauliza, sili huharibiwa na nini? Adui wa kwanza ni vumbi, ambalo hukwangua ulimi na kuchimba mfuo katika shafti. Wa pili ni kukaa bure: pikipiki ya zamani isipoendeshwa, mpira hukauka na kupasuka. Wa tatu ni kitundu cha kupumulia kilichozibwa, kwa maana hewa yenye joto hutanuka ndani na kuyasukuma mafuta nje.

Fundi mwangalifu humwaga mafuta kwanza, akaondoa gia ya mnyororo, kisha akaing'oa sili kuukuu pasipo kuukwaruza ukuta wake. Hupitisha ukucha juu ya shafti. Ukikwama katika mfuo, sili mpya nayo itavuja. Huupaka ulimi mafuta, huelekeza upande wa springi ndani, kisha huigonga taratibu kwa bomba lenye upana ulio sawa nayo, isiende upande.

Usidhani hii ni kazi ndogo. Mafuta yakiisha, gia husagana chuma kwa chuma. Zikikwama ghafla, gurudumu la nyuma husimama, na dereva huanguka pamoja na abiria wake. Huenda abiria huyo ni mama apelekwaye hospitalini usiku. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi, msomaji wangu, uonapo doa lile mchangani, usilipite kimya. Mwambie mwenye chombo.