Uso wa Kaisari Kiganjani mwa Raia

Dola ya Roma haikuwa na gazeti wala redio. Mkulima wa Misri au Hispania alimjuaje mtawala ambaye hakupata kumwona? Jibu lilikuwa kiganjani mwake: sarafu.

Enzi za Jamhuri, sarafu za Roma zilibeba sura za miungu na wahenga. Mwaka 44 KK, Julius Caesar alikuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa akiwa hai kwenye sarafu zilizopigwa mjini Roma. Mwezi Machi mwaka huohuo aliuawa. Hata hivyo, Augustus aliifanya desturi hiyo kuwa ya kudumu.

Dhahabu na fedha zilikuwa za matajiri na za mishahara ya askari. Shaba ndiyo iliyozunguka sokoni, ikanunua mkate na divai. Sarafu ndogo iliitwa as; as nne zilikuwa sawa na sestertius moja, sarafu pana iliyompa mchongaji nafasi ya kutosha. Upande mmoja ulikuwa na uso wa kaisari; upande wa pili mara nyingi ulikuwa na herufi S C, yaani “kwa uamuzi wa Seneti”. Baraza lilitajwa, lakini aliyeonekana ni mtu mmoja.

Sarafu ilisema alichotaka mtawala kisemwe. Nero alitoa sestertius zenye hekalu la Janus lililofungwa milango, ishara ya amani bara na baharini. Mwaka 66 BK vita vikazuka Uyahudi.

Aliyetukuzwa kwa shaba aliweza pia kufutwa. Caligula aliuawa mwaka 41, na mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba Seneti iliamuru sarafu zake za shaba ziyeyushwe. Mwaka 211 Caracalla alimuua nduguye Geta. Katika miji kama Pergamon, uso wa Geta ulikwanguliwa kwenye sarafu walizochorwa pamoja.

Nasi tuna la kujifunza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 231, inakataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu yeyote. Sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Watawala huja na kupita. Fedha ni ya wananchi. Je, mwanafunzi, sarafu iliyo mfukoni mwako inamtukuza nani?