Mlima Elgon katika Masimulizi ya Abagusii

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira akimwuliza babu yake asili ya Abagusii, hupata jibu linaloanza mbali sana na vilima anavyoviona. Tulitoka Misri, husema mzee, tukafika Mlima Elgon, na baada ya hapo tukaachana na ndugu zetu. Mzee huyo huenda hajauona mlima wenyewe hata siku moja, lakini huutaja kama mtu atajavyo kijiji cha mamaye.

Elgon ni volkano iliyozimika, na mpaka wa Kenya na Uganda hupita juu yake. Kilele chake kirefu, Wagagai, kipo upande wa Uganda, nacho kina urefu wa futi 14,177 hivi. Upande wa Kenya, sehemu ya mlima ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1968. Humo lipo pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alikuta watu wakikaa katika mapango ya mlima huo pamoja na mifugo yao. Jina Elgon limetokana na Wakony, ambao ni wa jamii ya Wasabaoti, hali Wabukusu na Wagisu huuita Masaba.

Je, ni kweli kwamba Abagusii walipita huko? Mwanahistoria William Ochieng', ambaye kitabu chake juu ya historia ya Wagusii kilitoka mwaka 1974, aliwasikiliza wazee wengi, na masimulizi yao yanafuatana vizuri. Toka Elgon walifuata bonde la mto Nzoia hata Goye, katika Yimbo, kando ya Ziwa Victoria. Wajaluo walipozidi kuja, wakahamia Kisumu, kisha nchi tambarare ya Kano. Wengine wakapanda Kabianga, katika nchi ambayo leo ni ya Wakipsigis. Jina hilo wazee hulifasiri kwa Ekegusii kuwa "vikakataa": mimea haikustawi kwa baridi, na ng'ombe wakafa. Wakashuka Trans Mara, wakashambuliwa na Wamaasai, na mwishowe, yapata mwanzo wa karne ya 19, wakarudi kwenye milima tuliyo nayo sasa.

Katika mambo hayo yapo tunayoweza kuyapima. Abagusii na Walogoli husimulia kwamba Mogusii na Mulogoli walikuwa ndugu. Lugha inawaunga mkono. Walogoli huhesabiwa miongoni mwa Waluhya kama Wabukusu, lakini wataalamu wa lugha huiweka lugha yao pamoja na Ekegusii na Kikuria, wala si pamoja na Kibukusu. Ushahidi huo hakuutunga mzee yeyote kwa kumpendeza mgeni. Hata hivyo, angalieni, unathibitisha undugu tu. Juu ya mlima haunena neno.

Habari ya Misri naitilia shaka zaidi. Misheni ya Nyabururu ilianza mwaka 1911, na ya Nyanchwa karibu na wakati huo huo. Watu wakasoma habari za Musa na taifa lililotoka utumwani. Makabila mengi ya magharibi mwa Kenya nayo hudai Misri. Naona ni rahisi kuamini kwamba kisa cha Biblia kilishonwa mbele ya kisa cha kale, kuliko kuamini kwamba wote walitoka mahali pamoja. Elgon, kwa upande wake, huenda ni kumbukumbu ya kweli ya nchi za kaskazini, ambayo imeshikamana na alama iliyo kubwa kuliko zote.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu swali la "mlitoka wapi" halikuishia vitabuni. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, jamaa nyingi za Abagusii zilifukuzwa katika Bonde la Ufa, zikaambiwa zirudi kwao. Katika Mlima Elgon kwenyewe, vita vya ardhi vya tangu mwaka 2006 hata 2008 viliua watu wengi. Mwenye kudai kwamba taifa lilishuka mlimani likiwa zima, na damu moja, humpa silaha mwenye kufukuza wenzake.

Tena halikushuka hivyo. Tuitazame Manga, ule ukuta wa mawe ulio Nyamira, unaoelekea Kano na ziwa. Huko Abagetutu walijipatia ngome, na waliokimbia vita na njaa wakawaendea, wakapewa mahali pa kukaa, wakaitwa abamenyi, maana yake wakaaji. Wengi walikuwa wa koo nyingine za Abagusii. Zipo pia koo ambazo wazee wake hukiri, wakiulizwa kwa upole, kwamba mizizi yao ni ya Kijaluo, ya Kimaasai au ya Kikipsigis. Walilima pamoja na wenyeji wao, wakaoana nao. Leo mjukuu wa mmenyi akiulizwa asili yake, naye huanza na Mlima Elgon.