Jinsi mipango ya ardhi inavyoamua kodi ya nyumba Nairobi

Wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba kodi ya nyumba hupangwa na mwenye nyumba peke yake. Kwa hakika, sehemu kubwa ya kodi hiyo huwa imekwisha kuamuliwa kwenye ramani kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Ramani hiyo ndiyo inayobainisha mahali pa makazi, viwanda na biashara. Isitoshe, ndiyo inayoweka ukubwa wa viwanja na idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa.

Kugawa jiji katika kanda za matumizi mbalimbali si jambo baya. Hakuna mzazi anayependa mwanawe alale kando ya kiwanda chenye moshi wa sumu. Hata hivyo, kila sharti lina gharama yake. Tuchukue mfano wa ekari moja ya ardhi. Palipo na sharti kwamba kiwanja kisipungue nusu ekari, ekari hiyo itabeba nyumba mbili tu, na kila familia italazimika kulipia nusu ya bei ya ardhi. Viwanja vikiruhusiwa kuwa thumuni ya ekari, nyumba zitakuwa nane. Yakiruhusiwa majumba ya ghorofa, familia kadhaa zitagawana gharama ile ile. Ndiposa mtu wa kipato cha chini huweza kufungiwa nje ya mtaa mzima pasipo yeyote kumkataza kuingia.

Mgawanyo wa Nairobi una historia ndefu. Jiji lilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1913, Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na serikali ya kikoloni, alipendekeza watu watengwe kwa misingi ya rangi, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Wazungu walikaa kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, penye hewa safi na viwanja vikubwa. Wahindi wengi waliishi Ngara na Parklands. Waafrika nao walitengewa upande wa mashariki, katika mitaa kama vile Pumwani, ulioanzishwa mapema miaka ya 1920, na baadaye Kaloleni. Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua wa kupita, si mwenyeji wa mji. Kwa hivyo vingi vya vyumba alivyojengewa vilikusudiwa mwanamume asiye na familia.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini mipaka ya viwanja ikabaki. Penye viwanja vikubwa, fedha zilichukua nafasi ya rangi katika kuamua nani aishi wapi. Nazo Kanuni za Ujenzi za mwaka 1968, zilizofuata mfano wa Uingereza, zilidai vifaa na viwango ambavyo mtu wa mshahara mdogo hangevimudu. Mwaka 1995 kanuni hizo zilirekebishwa ili kuruhusu vifaa vya bei nafuu. Kufikia wakati huo, mitaa ya mabanda ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Kwa kuwa mingi haikutambuliwa kwenye ramani rasmi, haikupata mabomba ya maji, mitaro ya majitaka wala barabara. Mkazi wake akawa ananunua maji kwa mtungi, kwa bei inayozidi ile ya mwenye mfereji nyumbani.

Palikuwa na majaribio ya kubadilisha hali hiyo. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, familia za kipato cha chini ziligawiwa takriban viwanja 6,000 mtaani Dandora, vikiwa na maji na mfumo wa majitaka, ili zijijengee nyumba pole pole. Mradi huo ulidhihirisha kwamba mnyonge akipewa ardhi iliyopangwa, ana uwezo wa kujenga. Hata hivyo, viwanja vingi baadaye viligeuzwa kuwa majumba ya kukodisha, na huduma zikalemewa.

Upande wa pili wa jiji, katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa, nyumba za zamani zenye bustani zilibomolewa na majumba marefu yakachipuka. Nyumba ziliongezeka, lakini nyingi zililengwa watu wenye uwezo, huku wakazi wakilalamikia maji, majitaka na misongamano ya magari. Funzo ni kwamba kuruhusu ghorofa nyingi hakutoshi iwapo mipango ya huduma haiendi sambamba na ujenzi.

Kisa cha Mukuru kina mafunzo zaidi. Vijiji vyake vimekaa karibu na Eneo la Viwanda, juu ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa iligawiwa watu binafsi kwa ajili ya viwanda. Agosti 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi walishirikishwa katika kuandaa mpango wa maji, barabara na makazi yao, badala ya kusubiri kufurushwa. Hata hivyo, mwishoni mwa 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara. Ikadhihirika kwamba mpango pekee si kinga, hasa pale ambapo mkazi hana hati ya ardhi anayoikalia.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi bora anayoweza kuyafikia. Nayo sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango ya matumizi ya ardhi inataka umma ushirikishwe, na anayetaka kubadilisha matumizi ya kiwanja atoe ilani. Aidha, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inawakata wafanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ili kugharimia ujenzi.

Fedha hizo zinaweza kujenga nyumba, lakini ni ramani itakayoamua iwapo nyumba hizo zitakuwa karibu na kazi, shule na maji. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayepuuza ilani iliyobandikwa kwenye ua wa kiwanja jirani anawaachia wengine wamwamulie kodi atakayolipa kesho.