Motokaa na Mwenyewe

Kila chombo kilichoundwa kwa mkono wa mwanadamu kina siku yake ya kugoma. Jembe huvunjika mpini, mashua hutoboka, na saa husimama. Mwenye chombo akifikiwa na siku hiyo huwa na njia mbili: kukaa kitako na kungoja msaada, au kukichungua chombo chake ajue kinaumwa na nini. Historia ya motokaa aghalabu husimuliwa kama historia ya wavumbuzi na viwanda vikubwa. Walakini ndani yake imo historia nyingine, nayo ni ya watu waliokwama njiani, wakafunua injini, wakatafuta kasoro na kuiondoa kwa mikono yao wenyewe. Pasipo watu hao motokaa isingalifika mbali. Hata safari yake ya kwanza ndefu haikutimia ila kwa sababu ya mmoja wao, na huyo alikuwa mwanamke.

Carl Benz, mhandisi wa mji wa Mannheim katika Ujerumani, aliomba hataza ya gari lake la petroli tarehe 29 Januari 1886. Gari lile lilikuwa na magurudumu matatu, na injini yake ya silinda moja haikufikia nguvu ya farasi mmoja. Miaka miwili ikapita. Watu walilitazama gari kwa mshangao, wengine kwa dhihaka, lakini wanunuzi walikuwa haba. Mkewe Benz, Bertha, alikuwa na sababu kubwa ya kuhuzunika. Mnamo 1871, hata kabla hawajaoana, alikuwa ameitoa mali aliyowekewa na wazazi wake kwa ajili ya ndoa, ili mchumba wake apate kumlipa mshirika wake na kuubakiza mtambo mikononi mwake. Kama gari lile lingekataliwa na watu, basi mali yake, kazi ya mumewe na riziki ya watoto wao vyote vingekuwa vimemwagika mchangani.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti 1888, Bertha Benz alitoka na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila kumwarifu mumewe. Wakalisukuma gari nje, wakaliwasha, wakashika njia ya Pforzheim, mji aliozaliwa Bertha. Safari hiyo ilipata kilometa 100 kwa makadirio. Hadi siku hiyo gari lilikuwa likifanyiwa majaribio ya masafa mafupi tu. Kituo cha petroli hakikuwako popote duniani, wala fundi wa motokaa hakuwako isipokuwa yule aliyeachwa nyumbani amelala.

Masimulizi yaliyohifadhiwa na familia hiyo yatueleza mambo yaliyowapata. Bomba jembamba la mafuta liliziba, na Bertha akalizibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya wa umeme ukachubuka ngozi yake, naye akaufunika kwa ukanda wa soksi yake. Mnyororo ulipolegea, mhunzi aliutengeneza. Vipande vya mbao vya breki vilipolika kwa miteremko, mshona viatu akavipigilia ngozi. Mafuta yalipopungua waliingia duka la dawa katika mji wa Wiesloch, wakanunua ligroini, mafuta mepesi ambayo watu waliyatumia kuondolea madoa katika nguo. Maji ya kupoza injini waliyatafuta popote yalipopatikana. Penye vilima virefu gari lilishindwa kupanda, na vijana wakashuka na kulisukuma. Jioni wakafika Pforzheim, na Bertha akampelekea mumewe habari kwa simu ya maandishi.

Tuyapime matendo haya, maana ndani yake imo elimu yote ya kutengeneza motokaa nyumbani. Injini haiwezi kwenda bila mafuta. Mafuta yamo tangini, na injini haiyapati. Kwa hiyo kasoro iko baina ya tangi na injini, na baina yao hapana kitu ila bomba. Huo si uganga, wala hauhitaji mtambo wa thamani. Ni fikira iliyopangwa hatua kwa hatua. Bertha hakufungua kila kitu kwa pupa, bali alitafuta mahali pamoja palipokatika. Tena hakuona haya kumwendea mhunzi na mshona viatu kwa kazi iliyopita uwezo wake. Kujitegemea hakumaanishi kumdharau fundi. Kunamaanisha kujua neno la kumwambia.

Safari hiyo ilizaa matunda mawili. Watu wengi walisikia kwamba mwanamke na watoto wamekwenda mji hadi mji kwa gari lisilo na farasi. Naye Carl Benz, baada ya kusikia habari ya vilima, aliongeza gia ya kupandia. Ndiyo kusema kwamba aliyelitumia gari ndiye aliyemfundisha aliyeliunda.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1908, Henry Ford wa Marekani alianza kuuza motokaa aliyoiita Model T. Mpaka ilipokoma kuundwa mwaka 1927, zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetoka viwandani. Wengi walioinunua walikuwa wakulima waliokaa mbali na miji, ambako kumpata fundi kulikuwa kazi ya siku nzima au zaidi. Kwa ajili yao Ford alitoa kitabu cha mwongozo kilichopangwa kwa maswali na majibu, kama mwanafunzi aulizavyo na mwalimu ajibuvyo. Mkulima aliyezoea kutengeneza plau na pampu ya maji aliona kwamba injini nayo ina mantiki yake.

Motokaa hiyo ilikuwa na ila zake, na ila hizo zilikuwa darasa. Katika nyingi za motokaa hizo, tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na hapakuwa na pampu. Petroli ilitiririka yenyewe hadi kwenye injini kwa kuwa tangi lilikuwa juu kidogo. Basi dereva akipanda mlima mkali huku petroli ni chache, pua ya motokaa huinuka, injini ikawa juu kuliko tangi, petroli ikakoma kutiririka na injini ikazimika. Mgeni angalidhani injini imekufa. Dereva mwenye akili aliigeuza motokaa, akaupanda mlima kinyumenyume, tangi likiwa juu na injini chini. Hakubadili hata msumari mmoja. Alielewa tu sababu, na sababu ikampa dawa.

Katika Afrika ya Mashariki darasa hili lilipata uwanja mkubwa mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi liliziba vichujio vya hewa, mawe yalipasua matangi, na matope ya masika yalimeza magurudumu. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikamaliza 7 tu. Idadi kama hiyo, yaani 7, ilimaliza mwaka 1968. Katika njia kama hizo mwendo wa kasi peke yake haukumfaa mtu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi wa motokaa kabla ya kupata sifa ya udereva, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, kisha akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Dereva aliye fundi husikia mlio mgeni mapema, akapunguza mwendo kabla chuma hakijavunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na barabarani ukuta huo hujengwa kwa gharama kubwa sana.

Je, elimu hiyo ya kale yamfaa kijana wa leo? Yamfaa, kwa kuwa injini ya petroli ingali ikitaka vitu vilevile: mafuta, hewa, cheche ya umeme kwa wakati wake, na silinda inayoweza kugandamiza mchanganyiko wa mafuta na hewa. Motokaa ikikataa kuwaka, anza kwa kusikiliza. Ikiwa mtambo wa kuwashia unatoa mlio wa kugota tu, na taa zinafifia unapojaribu kuwasha, mshuku kwanza betri. Tazama vichwa vyake: huenda vimelegea au vimeota ukungu mweupe au wa kijani unaozuia umeme. Ukungu huo huondolewa kwa maji ya moto na brashi, baada ya kufungua nyaya, ukianza na ule wa hasi. Lakini ikiwa injini inazungushwa kwa nguvu na bado haishiki, basi betri haina hatia. Fuata njia ya mafuta, kisha njia ya cheche hadi kwenye plagi.

Moshi nao una lugha yake. Moshi wa buluu husema kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi husema kwamba petroli imezidi hewa, na pengine kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini inapopata moto huonya kwamba maji yanaingia mahali pasipo pake. Kadhalika tone lililo sakafuni asubuhi ni barua: jeusi na la utelezi ni oili, lenye rangi ya kijani au nyekundu huenda ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa, na maji safi matupu huenda yametoka katika kipoza hewa, wala hayana dhara.

Pamoja na hayo, hekima ina mipaka yake. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa maana maji yaliyobanwa humo hububujika na kumuunguza mtu. Usiingie chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Iwekee vigingi imara, na magurudumu yaliyo chini yazuie kwa mawe. Na breki zikilegea, kazi yako ni kuitambua kasoro na kuisimamisha motokaa, si kujaribu bahati yako, kwani kosa la breki hulipwa pia na wapita njia.

Liko jambo moja zaidi ambalo historia imelileta mlangoni petu. Kabureta, ambayo mtu aliweza kuifungua juu ya meza ya jikoni, imeondoka katika motokaa mpya, na mahali pake pametwaliwa na vipulizia mafuta vinavyoongozwa na kompyuta. Tangu motokaa za mwaka 1996, sheria ya Marekani imetaka kila motokaa mpya ya kawaida iwe na tundu la namna moja, ambalo chombo cha kusomea huchomekwa na kuonyesha namba ya kasoro. Wengine hudhani kwamba hapo ndipo akili ya mwenye motokaa ilipopata likizo. Sivyo. Namba ile haisemi, "Badilisha kifaa hiki." Husema tu kwamba mahali fulani dalili si ya kawaida. Anayebadilisha kifaa kwa sababu ya namba peke yake ni sawa na tabibu anayetoa dawa kwa kutazama kipimajoto bila kumtazama mgonjwa.

Tena limezuka shindano la haki. Mwenye motokaa akinyimwa habari za kompyuta iliyo ndani yake, hawezi kuitengeneza, wala hawezi kumpelekea fundi amtakaye. Atalazimika kumrudia aliyemuuzia, kwa bei atakayotajiwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts katika Marekani walipitisha sheria ya kuwataka waundaji wa motokaa watoe habari hizo kwa wenye motokaa na mafundi wasio wa kampuni. Jambo hilo latuhusu sisi pia. Maelfu ya mafundi wa Jua Kali hupata riziki kwa elimu iliyo wazi, ile ambayo kijana huipata kwa kushika spana kando ya fundi mkuu. Elimu hiyo ikifungiwa ndani ya kisanduku kisichofunguka, wa kwanza kuumia si tajiri, bali ni yule fundi na mteja wake.

Kwa hiyo, kijana, usiseme kwamba mambo ya injini ni ya watu wengine. Huenda hutapata kuwa fundi, na hapana lazima uwe. Walakini jifunze jina na kazi ya kila kiungo. Pima oili na maji kabla ya safari. Tafuta sababu kabla ya kutafuta nyundo. Na utakapokwenda kwa fundi, nenda na maelezo, si malalamiko. Mwenye motokaa asiyeijua ni abiria katika mali yake mwenyewe. Bertha Benz hakuiunda injini ile, wala hakuwa na cheti cha ufundi. Alikuwa na pini, ukanda wa soksi na fikira zilizotulia, na kwa vitu hivyo vitatu aliuonyesha ulimwengu kwamba gari la mumewe laweza kwenda safari na kufika.