KIPINDI CHA 7: WAGENI WALIOWAFUNDISHA VIJANA KUHUSU UKIMWI

Leo nimekuletea historia kidogo, kwa sababu ukijua mambo yalikotoka, utajua la kumwambia kijana wako jioni hii.

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili. Vijana wa kanisa kutoka ng'ambo walikuja shuleni kwetu kujitolea, na gitaa na fulana za rangi moja. Walikuwa wacheshi, nasi tuliwapenda. Mmoja alichukua kipande cha selotepu, akakibandika mkononi mwa msichana, akakibandua, akakibandika kwa mwingine, mpaka kikakosa kushika. Akasema hivyo ndivyo anavyokuwa msichana asiyesubiri ndoa. Kisha akasema UKIMWI ni malipo ya dhambi.

Msichana niliyeketi naye dawati moja alikuwa amemzika mamake muhula uliotangulia. Usiku bwenini aliniuliza, "Kwani mama yangu alikuwa mtu mbaya?" Sikuwa na jibu. Wageni nao walikuwa wameshaondoka.

Mama, wageni hao hawakuwa wa kwanza. Tuangalie jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1982, watu wa Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria wilayani Rakai, walianza kukonda na kufa. Ugonjwa huo waliuita "slim," yaani kukonda. Mwaka 1985 madaktari walichapisha taarifa iliyouhusisha na virusi vya UKIMWI. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984.

Wakati huo hapakuwa na dawa. Watawa wamisionari waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali za misheni ndio waliojikuta na wagonjwa mlangoni. Huko Kitovu, karibu na Masaka, Sista Ursula Sharpe na wenzake walianza mwaka 1987 kuwatembelea wagonjwa nyumbani kwao vijijini. Huko Kampala, Sista Miriam Duggan, mtawa kutoka Ireland ambaye pia ni daktari wa akina mama, alikuwa katika Hospitali ya Nsambya. Aliona kwamba kuwauguza wanaokufa hakutoshi, kwani vijana walikuwa wakiendelea kuambukizwa. Ndipo akaanzisha Youth Alive, vikundi ambamo vijana waliketi pamoja, wakazungumza juu ya maisha yao na kusaidiana kubadili mienendo. Watawa hawa walikuwa wageni pia, lakini walikaa. Kijana mwenye swali alijua pa kuwapata.

Mwaka 1994 ikaja njia nyingine. Wamisionari wa Kibaptisti waliingiza Uganda kampeni ya True Love Waits, iliyokuwa imeanza Marekani mwaka mmoja kabla. Kijana alitia sahihi kadi ya ahadi kwamba atasubiri mpaka ndoa.

Kusubiri ni jambo jema, mama, na usiache kulifundisha. Lakini kadi haiwezi kumkinga mke mwaminifu ambaye mumewe ameambukizwa. Wala haimkingi anayeongezewa damu. Christopher Kaleeba wa Uganda aliambukizwa kwa damu aliyoongezewa hospitalini, akafa Januari 1987. Mwaka huohuo mjane wake, Noerine, pamoja na wenzake, walianzisha TASO kusaidia wenye virusi. Na mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana alitangaza hadharani kwamba ana virusi. Hakuna kiongozi wa dini Afrika aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Aliwafundisha Wakristo kwamba aibu na kunyamaza huua.

Maambukizi Uganda yalishuka kutoka takribani asilimia 15 ya watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu asilimia 6 miaka kumi baadaye. Wengine walisema ni kwa sababu ya kusubiri, wengine uaminifu, wengine mipira ya kondomu. Ukweli ni kwamba yote yalichangia, na pia wengi walikuwa wamekufa.

Hata hivyo sheria ya Marekani ya mwaka 2003, iliyoleta pesa nyingi za UKIMWI Afrika, iliagiza theluthi moja ya pesa za kinga ziende kwa mafundisho ya kusubiri mpaka ndoa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2008. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu yao: zaidi ya dola bilioni 1.4 zilitumika kwa mafundisho ya kusubiri na uaminifu, na hawakuona kwamba yalibadilisha mienendo ya vijana.

Pesa hizo pia zililipia dawa zilizookoa mamilioni ya watu. Tuseme yote mawili.

Leo mimi ni muuguzi, na ningempata yule rafiki yangu ningemjibu: mama yako alikuwa mgonjwa. Virusi havichagui mwema na mbaya.

Sasa ni zamu yako, mama. Usingoje mgeni. Anza mapema, kabla kijana hajabaleghe, mkipika au mkichambua mboga. Sikiliza kwanza. Mwambie asubiri, na umwambie pia kondomu hufanya kazi gani na kliniki iko wapi. Mwambie kwamba mama mwenye virusi akimeza dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi, na kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo kwa sababu ya dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Na kamwe usiseme UKIMWI ni adhabu. Huenda anayekusikiliza anameza dawa hizo kila usiku.

Mgeni hulala siku mbili, lakini wewe upo kila siku. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.

Maswali ya kikundi: Ni nani aliyekufundisha wewe kuhusu UKIMWI, na alisema nini? Kijana wako akiwa na swali usiku, atamwuliza nani?