Kamera yenye macho mawili

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo naomba tuweke programu na simu kando, tuzungumzie mashine isiyo na hata mstari mmoja wa kodi: Yashica Mat-124G ya mjomba wangu, iliyokaa juu ya kabati pale Lindi, Kibera, tangu mwaka 2004.

Mjomba alikuwa mpiga picha wetu wa mtaa. Harusi, ubatizo, maulidi, picha za pasipoti, zote alipiga yeye. Kisha picha zikaanza kutoka na ukungu, wateja wakalalamika. Akasema macho yamezeeka, akaiweka kamera juu ya kabati na kwenda kuuza mkaa. Mwezi uliopita niliishusha nikitaka tu kujua kama shata bado inafunguka. Inafunguka. Lakini nikakuta jambo jingine.

Kwanza historia kidogo, maana bila historia hitilafu yenyewe haieleweki.

Filamu inayotumiwa na kamera hii inaitwa 120. Kodak waliitoa mwaka 1901 kwa ajili ya kamera yao ya sanduku, Brownie, na mpaka leo bado inatengenezwa. Katika kamera kama ya mjomba, roli moja hutoa picha 12 za mraba, karibu sentimita 6 kwa 6. Negativu moja ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya 35mm. Ubora wake uko hapo: unaweza hata kuchapa picha ya ukubwa wa negativu yenyewe bila mashine ya kukuza.

Mwaka 1929 kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig, Ujerumani, ilitoa Rolleiflex, kamera ndogo ya roli yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Lenzi ya juu humwonyesha mpiga picha kupitia kioo kilichoinama. Ya chini ndiyo inayoandika kwenye filamu. Zote mbili zimefungwa kwenye ubao mmoja, zinakwenda mbele na kurudi nyuma pamoja. Wajapani waliupenda mpango huo, na mwaka 1957 Yashica wakatoa Yashica-Mat, ya bei nafuu kuliko ya Wajerumani. Toleo la 124G lilitengenezwa kuanzia 1970 hadi 1986.

Huku kwetu studio zilikuwepo zamani. Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na Parekh akafungua yake Mombasa mwaka 1942. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alianza utotoni na Box Brownie. Lakini si kila mtu alikuwa na nauli na muda wa kwenda studio. Mitaani kama kwetu mpiga picha ndiye aliyekufuata nyumbani, kamera shingoni. Hakuwa na kamera ya akiba. Ikiharibika, kazi imekufa.

Haya, turudi Lindi.

Niliomba negativu za miaka ya mwisho, mjomba akanitolea boksi la viatu. Jambo la kwanza nililoona: picha za nje, juani, zilikuwa safi kabisa. Zenye ukungu ni za ndani ya nyumba. Anayeandika programu anaijua hitilafu ya namna hii, inayotokea leo na kesho haipo. Mara nyingi si bahati mbaya. Kuna sharti fulani linaloifunua.

Sharti hapa ni tundu la lenzi. Juani mjomba alibana tundu mpaka f/11. Tundu likiwa dogo, eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya mtu hupanuka, na kosa dogo la umbali linafichika. Ndani ya nyumba alifungua mpaka f/3.5, na hapo kosa halina pa kujificha.

Sasa kosa ni la nani? Nilijiwekea dhana tatu. Kama ni mkono kutikisika, picha nzima ingekuwa na ukungu. Kama ni macho, angekosea ovyo: mara mbele ya mtu, mara nyuma. Kama ni mashine, kosa lingeelekea upande uleule kila mara.

Nilichagua negativu 30 za ndani. Tatu hazikuwa na kitu cha kulinganisha. Katika 27 zilizobaki, uso una ukungu lakini kalenda ukutani nyuma yake inasomeka. Zote 27, nyuma tu. Macho mabovu hayana nidhamu ya namna hiyo.

Jaribio la mwisho lilichukua saa moja. Nilikata kipande cha kava la CD, nikakisugua upande mmoja kwa msasa mpaka kikawa na ukungu, nikakiweka mahali pa filamu, upande uliosuguliwa ukitazama lenzi. Nikaweka shata kwenye B na kuishikilia wazi. Kamera ikatazama majengo ya Upper Hill, kitufe cha umbali kikiwa kwenye ∞. Lenzi ya chini ilionyesha madirisha ya Upper Hill wazi kabisa. Lenzi ya juu ilionyesha wazi mabati ya jirani, kama mita 20 tu! Macho mawili ya kamera moja hayakukubaliana.

Nikamuuliza mjomba kama kuna mtu aliwahi kuifungua. Akafikiri. Ndiyo, kama mwaka 2001 alimpa fundi mmoja asafishe kuvu kwenye lenzi.

Lenzi ya juu hukaa kwenye uzi kama kifuniko cha chupa, ikishikiliwa na skrubu ndogo sana. Nililegeza skrubu, nikaizungusha kidogo kidogo mpaka Upper Hill ikawa wazi juu na chini, nikakaza. Basi. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Tukaweka roli mpya. Mjomba, na miwani yake, akampiga picha mkewe akiwa ameketi ndani, f/3.5. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, kope za shangazi zilihesabika.

Mjomba aliishika negativu dirishani muda mrefu. "Kumbe," alisema. Halafu: "Na mimi nikawaomba watu msamaha."

Sikuwa na jibu. Sisi waandishi wa programu tuna mazoea ya kusema tatizo ni mtumiaji, na mtumiaji akisikia hivyo mara nyingi anakubali. Safari nyingine mtu akikwambia "labda ni mimi sijui kutumia", mwombe boksi lake la negativu kwanza.

Jumamosi mjomba ana ubatizo pale Makina. Roli mbili, picha 24. Mpaka wakati mwingine!